Kabla ya kuliuza gari la Baba Mkubwa, tulilipandisha Lushoto

NI saa saba mchana mjini Mombo, mkoani Tanga. Jua ni kali na gari letu limegoma kuwaka. Ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, gari la milango miwili lenye boneti ndefu, yale ambayo vijana huyaita magari ya spoti. Watoto wamelizunguka wakichungulia ndani. Madereva wa bodaboda nao wamesogea, kila mmoja na ushauri wake. Mwenye gari, ambaye ni baba yangu mkubwa, ameketi kwenye kiti cha dereva bila wasiwasi wowote. Anasema, "Liacheni lipumue."

Tulikuwa tumetoka Moshi asubuhi, na mbele yetu zilibaki kilomita 33 tu za kupanda hadi Lushoto. Hizo ndizo zilizotutoa nyumbani.

Mpenzi msomaji, huenda ukajiuliza gari la spoti linatafuta nini katika kurasa za wakulima na wafanyabiashara. Jibu ni kwamba karibu kila familia inayo mali ya aina hii. Inaweza kuwa trekta kuukuu lililoegeshwa chini ya mwembe, mashine ya kusaga ambayo marehemu babu aliipenda, au pikapu isiyotembea. Kila mwaka ndugu hukaa na kubishana kama iuzwe au ibaki, na ubishi hauishi kwa sababu hakuna anayeshika kalamu na kupiga hesabu.

Kwetu ubishi ulikuwa mkali. Mnunuzi kutoka Arusha alikuwa ametoa ofa ya Sh milioni 20. Binamu yangu, anayelima ndizi na parachichi, alitaka gari liuzwe ili anunue kirikuu ya kubebea mazao. Dada yake akasema kuuza gari la mzee angali hai ni kumzika mapema. Mimi, kwa kuwa nilisomea uchumi wa kilimo, nikapewa kazi ya kupiga hesabu. Baba Mkubwa alisikiliza yote, kisha akatoa sharti moja tu: kabla ya kuuzwa, gari lipande Lushoto mara moja, na yeye ndiye aliendeshe. Macho yake yanafifia kwa ugonjwa wa mtoto wa jicho, na alijua huenda ikawa ni safari yake ya mwisho kushika usukani.

Gari lililoshinda Safari

Nissan ya Japani ilitengeneza 240Z kwa ajili ya masoko ya nje tangu mwishoni mwa mwaka 1969 hadi 1973. Lina injini ya silinda 6 yenye ukubwa wa lita 2.4, kabureta mbili, na viti viwili tu. Tofauti na magari mengi ya aina yake ya wakati huo, halikuwa la matajiri peke yao. Vilevile lilikuwa gumu. Lilishinda mashindano ya East African Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda.

Ushindi wa mwaka 1973 ndio Baba Mkubwa anaoupenda zaidi. Wakati huo alikuwa karani kijana wa ushirika wa kahawa, akifuatilia mashindano redioni. Mehta na Harry Källström walimaliza wakiwa wamelingana pointi za adhabu. Waamuzi walirudi kwenye kumbukumbu zao, wakampa Mehta ushindi kwa kuwa alikuwa amekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. "Pale nilijifunza kuandika," husema Baba Mkubwa. Aliponunua gari lake mwaka 1979, likiwa limekwisha kutumika, alinunua na daftari la kurasa 200. Kila lita ya oili, kila plagi na kila tairi vimeandikwa humo kwa kalamu ya wino. Sasa amefikia daftari la nne. Wakati huo sikujua kwamba madaftari hayo yangekuja kuwa na bei.

Maandalizi: umri ni mbaya kuliko kilomita

Gari lilikuwa limetembea kilomita chache sana kwa miaka kadhaa. Watu wengi hudhani chombo kisichotumika hakichakai. Hilo ni kosa. Mpira hukauka, mafuta huharibika, betri hufa na kutu huendelea kula hata kama chombo hakijasogea hatua moja. Fundi wetu wa Moshi alikagua mambo matano, na ninayataja kwa sababu yanahusu hata pikapu yako.

Kwanza, matairi. Yalikuwa na kashata nzuri, lakini ubavuni mwa tairi huwa kuna tarakimu 4 zinazoonyesha lilitengenezwa lini. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 1410 lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2010. Yetu yalikuwa mazee, tukayatupa.

Pili, mafuta ya breki. Haya hunyonya unyevu kutoka hewani. Yakishakuwa na maji huchemka upesi, na yakichemka pedali hulegea. Kwa safari ya mlimani hilo ni suala la uhai. Tulibadilisha yote.

Tatu, mipira ya kupitisha petroli. Ikipasuka juu ya injini ya moto, gari huungua. Nne, rejeta na mipira yake. Tano, mkanda wa feni na betri.

Kutoka Moshi hadi Mombo

Tuliondoka Januari iliyopita, saa kumi na mbili asubuhi. Kutoka Moshi hadi Mombo ni karibu kilomita 230. Mlima Kilimanjaro ulibaki katika kioo cha nyuma hadi tulipopita Mwanga. Baada ya hapo milima ya Upare inakusindikiza mkono wa kushoto sehemu kubwa ya njia, kijani kule juu na ukavu huku chini. Ukifika Same unaona wazi jinsi mita mia chache za mwinuko zinavyotenganisha anayelima tangawizi na anayefuga mbuzi.

Baba Mkubwa aliendesha kilomita 80 kwa saa mahali palipo wazi na 50 vijijini, kama sheria inavyotaka. Mabasi yalitupita yakipiga honi. Injini ile ina uwezo wa kukimbia mara mbili ya mwendo huo, lakini mzee alisema mwenye haraka angepanda basi. Kwa kweli raha ya gari hilo haikuwa mwendo. Unakaa chini, karibu na lami, unasikia injini inavyobadilisha sauti barabara inapoinuka, na harufu ya kila kijiji inaingia dirishani: moshi wa kuni, vumbi, na kuanzia Mazinde, harufu ya mkonge uliokatwa.

Pale Mombo tulisimama kunywa chai na kuangalia oili. Dakika 20 baadaye gari likagoma. Fundi mmoja wa pembeni mwa barabara aliinama, akagusa bomba la petroli, akacheka. Petroli ilikuwa imechemka na kugeuka mvuke kabla ya kufika kwenye kabureta. Wakati gari linatembea, upepo hulipoza. Likisimama juani, joto lote la injini hupanda juu. Alifungua boneti, akafunga kitambaa kibichi kwenye bomba na pampu ya mafuta, tukasubiri nusu saa. Likawaka. Alikataa malipo, akaomba apigwe picha akiwa ameketi ndani.

Mama wa Soni na gari lisilobeba

Barabara ya Mombo hadi Lushoto ilianza kuchongwa enzi za Wajerumani, ambao waliuita mji huo Wilhelmstal. Inaanzia kwenye joto la mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari na kuishia kwenye ubaridi wa mita 1,400. Upande mmoja ni mwamba, upande mwingine ni bonde, na chini kabisa mto. Kona moja ikiisha nyingine inaanza. Baba Mkubwa alishika gia ya pili na ya tatu, mikono miwili kwenye usukani, hakusema neno. Nilimtazama usoni nikaona mtu wa miaka 30.

Kadiri tulivyopanda, injini ilipoteza nguvu kidogo. Hewa ya juu ni nyepesi, na kabureta haina akili ya kompyuta ya kupunguza petroli, hivyo mchanganyiko huwa mzito. Hali hiyo huwapata pia wenye pampu za zamani za umwagiliaji wanaozihamishia milimani. Pampu si mbovu, inahitaji kurekebishwa kabureta.

Soni, karibu na maporomoko ya maji, tulisimamishwa na rangi ya plamsi zilizopangwa kwenye ndoo kando ya barabara. Nilimwamkia mwenye biashara, "Shikamoo mama." Akaitika, "Marahaba, baba," kisha akalizunguka gari taratibu. Akauliza linabeba ndoo ngapi. Nikamwambia labda nne, nyuma ya viti.

"Zuri," akasema. "Lakini halibebi, wala halipiti kila siku. Mimi wangu ni yule wa fuso. Sura ya gari lake mbaya, lakini kila siku saa tisa yupo. Akikosa kupita leo, kesho plamsi hizi nazimwaga."

Nimesoma vitabu vingi juu ya gharama za usafirishaji wa mazao yanayoharibika upesi. Sikumbuki kilicholieleza jambo hilo kwa maneno machache namna hiyo. Kwa mwenye matunda, bei ya usafiri ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni uhakika wa kwamba gari litakuja. Tulinunua ndoo mbili.

Hesabu ya usiku

Jioni tulikwenda Irente, kilomita chache kutoka Lushoto mjini, mahali ambapo mlima unakatika ghafla. Ukisimama ukingoni unaiona Mombo chini kabisa, mashamba ya mkonge yamenyooka kama mistari ya daftari, na nyika inayokwenda hadi macho yanapochoka. Baba Mkubwa aliniomba nimweleze ninachokiona, kwa sababu yeye aliona ukungu tu. Nikamweleza. Tukarudi mjini, tukala, na usiku nikafungua daftari lake.

Chombo chochote kina gharama za aina mbili. Kuna gharama za kukaa, ambazo unalipa hata kama hakitembei, na gharama za kutembea, ambazo huongezeka kwa kila kilomita.

Gharama za kukaa za gari letu kwa mwaka zilikuwa hivi: bima ndogo na ada nyingine, Sh 150,000. Betri ya Sh 240,000 inayodumu miaka mitatu, Sh 80,000 kwa mwaka. Matairi ya Sh 600,000 ambayo yatazeeka ndani ya miaka sita hata yasipotembea, Sh 100,000. Oili, mafuta ya breki, mipira na fundi, Sh 270,000. Jumla ni Sh 600,000.

Gharama za kutembea: safari nzima ya kilomita 540 ilitumia lita 60, yaani kilomita 9 kwa lita. Nikiweka lita moja kwa Sh 3,000 ili hesabu iwe rahisi, petroli ni Sh 333 kwa kilomita. Ongeza Sh 67 za plagi, breki na spea nyingine, inakuwa Sh 400. Wewe weka bei ya kituo chako.

Sasa tazama. Gari likitembea kilomita 600 kwa mwaka, kama lilivyokuwa likifanya, kila kilomita inabeba Sh 1,000 za kukaa na Sh 400 za kutembea, jumla Sh 1,400. Likitembea kilomita 6,000, kila kilomita inagharimu Sh 500 tu. Gari ni lile lile. Kinacholifanya liwe ghali ni kusimama.

Kuna gharama ya tatu, ambayo wengi huisahau kwa sababu hakuna anayeidai. Ni gharama ya fursa. Sh milioni 20 zikiwekwa mahali panapotoa, kwa mfano, asilimia 8 kwa mwaka, zingeleta Sh 1,600,000. Kwa hiyo kuliweka gari uani kuliigharimu familia Sh 2,200,000 kwa mwaka kabla ya kuwasha injini.

Dada alikuwa ameniambia magari haya yanapanda bei duniani. Ni kweli. Januari 2020, 240Z moja ya mwaka 1971, iliyotunzwa kama yai, ilinunuliwa nchini Marekani kwa dola 310,000 katika mnada. Lakini bei ya gari moja si bei ya soko. Wakulima wa vanila wa Kagera wanaolikumbuka anguko la bei lililofuata mwaka 2003 hawahitaji kufundishwa hilo. Gari letu lina kutu milangoni na viti vimeshonwa upya mara mbili.

Nikapiga pia hesabu ya kirikuu, maana haki ni kupima pande zote. Binamu hulipa Sh 60,000 kila anapokodi gari la kwenda sokoni, mara mbili kwa wiki. Kwa wiki 50 ni Sh milioni 6. Akinunua kirikuu ya Sh milioni 14, kilomita 4,000 kwa Sh 300 ni Sh 1,200,000. Bima na matengenezo Sh 1,000,000, kushuka thamani Sh 1,000,000, na jasho lake mwenyewe kama dereva Sh 1,000,000. Gharama ya fursa, kwa asilimia zile zile 8, ni Sh 1,120,000. Jumla Sh 5,320,000. Faida ni Sh 680,000 kwa mwaka. Ipo, lakini si ile aliyokuwa akiitangaza. Asipobeba mizigo ya majirani, tairi mbili na ajali ndogo zinaimaliza.

Asubuhi nilimsomea Baba Mkubwa yote. Akauliza, "Na hii safari ya jana umeiandika wapi?" Nikasema petroli ni Sh 180,000, na kwa kuwa tumebeba ndoo mbili tu, plamsi zetu zitakuwa ghali kuliko zote Kilimanjaro. Akacheka hadi akakohoa. Kisha akanipa ufunguo. "Kushuka endesha wewe. Mimi nimeshapanda."

Somo la kushuka

Hapa lazima nikiri kosa langu. Nilianza kuteremka kwa gia ya nne, mguu juu ya breki, kama ninavyoendesha gari la kisasa mjini. Kabla ya kufika Soni nilisikia harufu ya kitu kinachoungua, na pedali ikaanza kuwa ngumu bila gari kupungua mwendo. Mbele yetu fuso lilikuwa likipanda limejaa kabichi, limechukua zaidi ya nusu ya barabara.

"Shusha gia," Baba Mkubwa alisema, bila kupaza sauti. Nikaingia ya tatu, kisha ya pili. Injini ilinguruma, gari likashikwa kama limefungwa kamba, fuso likapita. Tukasimama mahali palipo wazi, breki zikapoa kwa dakika 30. Kama tusingekuwa tumebadilisha mafuta ya breki, huenda nisingeandika makala haya. Kanuni ya wazee ni rahisi: gia uliyopandia ndiyo uteremkie. Inamhusu mwenye gari la spoti, na inamhusu zaidi anayeteremsha tani tatu za viazi.

Thamani ya daftari

Wiki moja baada ya kurudi Moshi, mnunuzi alikuja na fundi wake. Walikagua kutu, wakatikisa vichwa, wakataka kushusha ofa. Baba Mkubwa akaleta madaftari manne na kuyaweka juu ya boneti. Mnunuzi alisoma kwa muda mrefu, amesimama. Aliona injini ilifunguliwa lini na kwa nini, kabureta zilibadilishwa nini, na kwamba kilomita zilizoandikwa zilifuatana tangu mwaka 1979 bila pengo. Gari lingine la aina hiyo alilowahi kuliona halikuwa na karatasi hata moja. Waliagana kwa Sh milioni 24.

Madaftari hayo yalimgharimu Baba Mkubwa dakika chache kila wiki, na siku ya kuuza yalileta Sh milioni 4. Mkulima anayeandika chanjo za ng'ombe wake, saa za trekta lake au mavuno ya kila msimu, naye anajenga thamani hiyo hiyo, kwa mnunuzi au kwa benki anapokwenda kuomba mkopo.

Fedha ziligawanywa siku ile ile. Milioni 14 alikopeshwa binamu kwa maandishi, alipe kutokana na mizigo, na ameanza kubeba ndizi za majirani watatu. Sehemu ya zilizobaki ililipia upasuaji wa macho. Jicho la kulia limeshapona, na daktari ameahidi la kushoto baada ya miezi michache.

Nilipomtembelea juzi, Baba Mkubwa alikuwa ameketi barazani na daftari jipya. Nilidhani anaandika habari za gari. Kumbe ni la kirikuu: tarehe, kilomita, lita, mikungu. Akanionyesha ukurasa wa kwanza na kuniuliza kwa nini binamu yangu hajajaza safari ya Jumanne.